Bomba la Moshi na Maganda ya Korosho

Masika haya bomba la moshi la jiko letu la kuni lilitoboka, karibu kabisa na paa la nyasi. Moshi ukajaa ndani, na kifua cha mama yangu kikazidi kubana. Nikamwita fundi kutoka Naipingo.

Fundi alipoligonga bomba, likadondosha masizi mazito yanayonata kama lami. "Mama, humu mnachoma maganda ya korosho?"

"Kuni ziko mbali, mwanangu," mama alijibu, kana kwamba kosa ni lake.

Kosa lilikuwa langu, lazima niseme. Maganda niliyaleta mimi kwa sababu yanawaka sana. Kumbe mafuta yake ndiyo yaliyoziba bomba na kula bati lake.

"Kiraka napiga leo," fundi alisema, "ila hayo mafuta yakishika moto hamtaniita mimi, mtaita kijiji kizima. Jipya nipe wiki mbili."

Sikumwona akinivutia upande wowote. Tukitia kiraka, mama atapika ndani leo, lakini nyumba inaweza kuungua. Tukisubiri jipya, atapika nje kwenye mvua, na kifua kile. Nilimtazama mama anisaidie.

"Mwenye nyumba ni wewe," akasema.

"Ling'oe," nikamwambia fundi.

Jioni mama alipikia upenuni, akikohoa kila alipopuliza moto. Nikamwomba nipulize mimi, akakataa. Nikabaki nimeshika turubai lisipeperuke, sijui kama nimemwokoa au nimemmaliza.