Nyumba Ndiyo Hushinda

Juzi pale Daraja Mbili nilimwona kijana akicheza karata za kasino kwenye simu, hasira zikanipanda. Ni mchezo uleule alionifundisha Baba jikoni kwa mama, maharagwe yakitokota.

"Jumlisha karata zako. Ukipita ishirini na moja, umekwisha. Mgawaji ndiye huitwa nyumba, na nyumba ndiyo hushinda."

Kwetu, nyumba ni mke na watoto wake, na Baba alikuwa na wake wawili. Nikakimbia kuwaringia watoto wa mama mdogo: nyumba yetu ndiyo itashinda!

Mimi nilikuwa mtoto. Yeye je? Alijua maana yake, na bado akaenda kucheza mjini mpaka akauza shamba lote la chai. Nyumba zake zote mbili zilishindwa.