Boksi la Taka

Chekeni polepole, aibu yangu bado mbichi.

Mama yangu ni karani wa hoteli Koboko. Mimi nasoma Arua, naishi kwa bibi. Likizo hii nilimfuata. Wenzake walikuwa wamemchagua awaongoze kupunguza upotevu pale kazini, na meneja aliahidi kusikiliza kila wazo lao. Basi nilipokuta ofisini boksi lenye mwandiko wa mama, TAKA, na karatasi ndani, nikajiona mjanja: kumbe hapa watu wanaandika wanachotaka! Si kwetu ukisema "mi taka chai" unaletewa chai?

Nikachukua moja, nikaandika upande wake safi: "Mi taka mama yangu arudi Arua. Bibi anapika vizuri, lakini nikinyamaza hajui kwa nini. Ikishindikana, mi taka chapati kila siku." Nikatumbukiza, nikatoka kwa maringo kama waziri.

Kesho yake, mkutanoni, nikiwa nagawa chai, mama akamwaga boksi mezani.

"Ona taka yetu! Karatasi iko safi upande moja, sisi natupa. Kama hii..."

Akaigeuza, akasoma kwa sauti mpaka "arudi Arua", akaishia hapo. Mpishi akachungulia begani kwake, akamalizia mwenyewe.

"Mutu gani iko naomba chapati kwa pipa ya taka?"

Wote wakaangua kicheko, macho yote kwangu na birika langu. Mama peke yake hakucheka. Aliikunja ile karatasi, akaitia kifuani.

"Hii hapana tupa," akasema.