Ninga Aliyeachiwa Wali

Karibu ukae, msomaji wangu, nikueleze kwa nini mpaka leo nikipasua papai bivu, harufu yake hunifanya niinamishe uso.

Nilikuwa mdogo, tukikaa kijijini Wingwi. Ami yangu alinasa ninga kwa ulimbo, ule utomvu wa fenesi unaopakwa kijitini ndege akatua na kugandia, akamletea baba. Ninga ni njiwa wa kijani, na sauti yake ni mluzi unaopanda juu kisha ukaporomoka, kama mtu anayecheka peke yake. Baba alimpenda kwa kweli. Alimtengenezea tundu la njukuti, vile vijiti vyembamba vya makuti, akalitundika uani chini ya upenu, na kila mgeni alipitishwa nyuma kumtazama kabla hajapewa hata maji.

Tulimtilia wali kwenye kifuu. Asubuhi kifuu kilikuwa kitupu, nasi tukifurahi kwamba ninga anakula vizuri.

Hata hajazoea tundu, karafuu zikaiva. Skuli zikafungwa, tukafunga mlango, sote tukahamia kambini kuchuma. Mama alijua baba amemwachia jirani maagizo. Baba alijua mama ameagiza. Mimi nilijua wakubwa hawasahau.

Tuliporudi baada ya siku chache, tundu halikuwapo. Jirani yetu, Bi Mwache, alituita kwake mimi na baba. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amemviringisha ninga kwa kipande cha kanga, mapajani. Manyoya ya mkia yalikuwa yamevunjika kwa kujipigiza.

"Mshike, mwanangu," akaniambia. "Taratibu."

Nilimshika. Hakuwa na uzito. Mfupa wa kifua ulinikata kiganja kama ukingo wa kifuu.

"Miye nilisikia kitu kinagonga uani kwenu, nikaingia," alisema Bi Mwache. "Nikamtilia wali, hataki. Mtama, hataki. Nikamega papai, akala mpaka akajipaka usoni kama mtoto. Huo wali wenu, babake Salma, mlikuwa mkiwalisha panya."

Baba alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na mwenyewe. Kisha akasema, "Mbona nilimwambia Salma aje akuagize?"

Hakuniambia. Nilimtazama, naye akatazama mlango.

"Ndivyo, mwanangu?" Bi Mwache akaniuliza.

"Ndiyo, Bi. Nilisahau."

Bi Mwache alitutazama kwa zamu, baba kisha mimi, akamchukua ninga mikononi mwangu. "Basi huyu atabaki hapa," alisema. "Ndege wa watu wote hufa njaa."

Usiku ule baba alinisogezea kipande chake cha samaki. Nilikila. Asubuhi Bi Mwache alimkuta ninga amelala chini ndani ya tundu, amekufa. Alimfukia mwenyewe, hakutuita.

Utotoni niliona aibu kwa ajili ya baba, nikadhani kwamba kujitwisha kosa lake kulikuwa kumsitiri. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba uongo wangu ulitusitiri sote watatu, mimi, baba na mama. Kosa lilipopata mwenyewe, tena mtoto, hakuna aliyelazimika kuuliza ni nani hasa alikuwa na kazi ya kumlisha. Jibu lilikuwa hakuna. Akiimba alikuwa ninga wetu. Akiwa na njaa hakuwa wa mtu. Baba yangu hakuwa mkatili, na pengine wewe pia si mkatili. Ndege wengi hawafi kwa ukatili. Hufa nyumba imejaa watu wanaowapenda, kila mmoja akimtegemea mwenziwe.

Kwa hiyo, ukiwa na ndege na unasafiri, usiache chakula ukaondoka. Nenda kwa mtu mmoja, mtaje jina, mpe tundu mkononi, mwambie ndege huyu anakula nini, na usubiri mpaka akujibu kwa kinywa chake kwamba amekubali.