Akida Aliyeamkia Pamba

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumpa akida, mkubwa wa serikali kwetu, tumbo kubwa. Nilikuwa natunga kisa changu cha kwanza cha kuchekesha, nami sikufundishwa kuandika na mtu. Nilijifunza kwa karatasi za kufungia sukari. Niliamini kuchekesha ni kukuza viungo. Basi nikamjaza akida tumbo, nikamwongeza pua, nikamvika kilemba kinachotangulia kuingia mlangoni. Kila neno nililikwangua na kuliandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Nilikosa usingizi kwa ajili ya kilemba: kiingie moja kwa moja, au kigonge mlango kwanza?

Nikakisoma barazani, watu wakacheka. Habari zikamfikia akida mwenyewe, akaniita. Nilikwenda na karatasi yangu. Akaniamuru nisome, akacheka kuliko wote.

"Rudia hapo penye tumbo, kijana wangu," akasema, akijipapasa lake. Kisha akaninywesha kahawa.

Sijapata kuona aibu kama ile. Mtu anayetulimisha pamba ya serikali kwa kiboko amenipongeza.

Shangazi yangu, niliyeishi kwake, hakucheka. Mtama wake ulikuwa umekomaa na ndege wanaushukia, naye kila kukicha yuko pambani akipalilia. Akiukosa mtama ule, hatuna chakula.

"Tumbo lina kosa gani?" akaniuliza. "Marehemu mume wangu alikuwa nalo, wala hakumchapa mtu. Umemcheka akida au umemcheka mume wangu?"

Kesho yake, pambani, nikamtazama akida badala ya tumbo lake. Tulimwamkia, "Shikamoo, bwana mkubwa." Hakuitikia. Akapita kwenye mistari, akainamia mche, akageuza jani kwa kidole, akauuliza mche kwa upole, "Umelalaje?" Mwanamke mmoja akajikwaa, akauangukia mche mwingine. Akida akaja mbio, akaunyanyua mche.

Hapakuwa na cha kukuza. Nilihitaji tu, ndani ya kisa, kumwacha aendelee hatua moja mbele.

Siku chache baadaye akafariki mzee wa ukoo ambao ni watani wetu. Kwetu, mtani ana ruhusa ya kumuigiza marehemu matangani, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Akida akaja kuhani, akapewa kiti mbele. Nikavaa kanzu ya marehemu, nikashika jembe.

"Jamani, msiseme nimekufa kwa homa," nikasema. "Nilikuwa nangoja zamu yangu ya kuamkiwa. Akida alianza na mche wa kwanza, na shamba ni kubwa."

Nikainama, nikageuza jani lisilokuwepo. "Umelalaje, mwanangu? Nasikia kuna mama amekuangukia. Pole. Tutamchapa."

Mjane ndiye aliyecheka kwanza. Baada yake hakuzuilika mtu. Akida akainuka nusu.

"Utani huo, bwana mkubwa!" mzee mmoja akamwambia. "Kaa ule ubwabwa!"

Akakaa. Hakula.

Asubuhi iliyofuata alipofika pambani, wanawake walimwacha apite, kisha wakaiinamia miche. "Shikamoo, bwana mkubwa," wakaiambia, mmoja baada ya mwingine. Akida akageuka akarudi kwake. Msimamizi aliyekuwa akituchunga pambani, bila bwana wake, akawa mpole ghafla, na shangazi akatupa jembe akaenda kufukuza ndege. Aliokoa mtama wa uji. Wa ugali ulikuwa umekwisha liwa.

Mimi nilingoja askari. Kila kishindo cha mguu nilikihesabu kuwa kimenijia. Hawakuja, kwa maana akida angenishitaki bomani, kwa wakubwa wake wa Kizungu, ingembidi aeleze pia yeye huwa anaiambia nini pamba.

Mwaka haukuisha, kule milima ya Umatumbi watu wakaing'oa pamba kwa mikono, vita vikaanza. Hawakuwa wamesikia kisa changu, na ningependa kusema nilikuwa sababu, lakini sikuwa.

Tangu hapo nimebadilika kwa jambo moja. Nikitaka kuwachekesha watu kwa habari za mtu, sianzi tena na umbo lake. Namtazama kwanza anavyowatendea wengine, ndipo naandika.