Nilikwenda Kumlilia Mtu Aliye Hai

Jirani yetu wa Apple Valley alikuwa mwanamke wa Kiingereza, mjane, miguu myembamba kama ya korongo na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliolewa na askari wa Kimarekani wakati wa vita, akaletwa Minnesota, askari akazeeka akafa, yeye akabaki na nyumba, bustani, na paka asiyependa watu. Mimi nililetwa na binti yangu kutoka Upareni kumlelea mtoto. Kiingereza sikijui. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nusu yake nilikuwa nachunga mbuzi. Basi mimi na jirani tuliongea kwa mikono na uso, kila mtu na lugha yake, na tulielewana kuliko ninavyoelewana na baadhi ya dada zangu.

Kilichomnyima usingizi nilikijua. Mwanawe wa pekee, aliyekuwa akikaa Champlin, alitaka kumhamishia nyumba ya wazee. Mwaka uliotangulia mama alianguka bafuni akabaki chini sakafuni mpaka mleta barua aliposikia sauti. Tangu hapo mwana anasema, mama, huna watu. Mama anajibu, ninao. Binti yangu alielezwa haya kwenye uzio, naye akanieleza mimi tukichambua maharage. Binti yangu mwenyewe alikuwa anafanya kazi katika nyumba ya namna hiyo kule Lakeville, anawaosha wazee wa watu na kuwageuza vitandani, na ndiko tulikokuwa tunakula. Kwa hiyo nilifunga mdomo. Lakini moyoni nilijiuliza, sasa mtu anazaa wa nini?

Kisha binti yangu akaniambia kwamba Ijumaa tumealikwa chai kwa jirani, chai ya yule bibi mkongwe wa kifalme wa Uingereza, mama yake malkia. Mwana naye atakuja, awaone hao watu ambao mama yake anasema anao.

"Tusipokwenda, mama, wanamhamisha," alisema, na huku anavaa viatu vya kazini. Nikamuuliza chai ya bibi wa kifalme ni chai gani. Alikuwa ameshatoka.

Mambo ya kifalme nilikuwa nayajua kidogo, na yalinichanganya tangu utotoni. Wakati wa Waingereza tulitolewa darasani siku moja, tukapangwa kandokando ya barabara, kila mmoja kibendera na andazi, tukaambiwa leo ni sikukuu ya wafalme, likipita gari mshangilie. Tulisimama juani mpaka andazi likaisha. Gari likapita na ndani alikuwa bwana shauri wa wilaya peke yake, anapiga chafya. Tukashangilia. Nyumbani mama aliniuliza tulikuwa tunamshangilia nani, nikamwambia mafua.

Haya. Ijumaa ikafika. Alfajiri binti yangu akapigiwa simu ya kazini, kuna mwenzao hakuja, akaondoka mbio akisema atajitahidi kuwahi. Mjukuu wangu alichukuliwa na basi la kambi ya kanisa. Lazima niseme juu ya huyo mtoto: miaka tisa, anasoma vitabu vinene kama tofali, mwalimu wake aliwahi kumwita binti yangu shuleni na sisi tukadhani ni kesi, kumbe ni kumsifu. Kosa lake moja tu. Ukimwambia kitu kwa Kiswahili anaelewa chote, lakini anakujibu kwa Kiingereza, kwa puani, kama ana kamasi.

Nikabaki peke yangu na televisheni. Nikaiwasha nisikie sauti za watu tu, na aliyekuwemo ni yule bibi wa kifalme. Picha yake akiwa mtoto, ya rangi ya majivu. Picha yake bi harusi. Picha yake na mumewe, kijana. Halafu maelfu ya watu wamejazana nje ya jumba, wamebeba maua. Mwanamke mmoja anajifuta machozi. Wanajeshi, bendi, farasi weusi. Mizinga ikapigwa.

Mimi nimeishi nchi yenye televisheni chache, lakini redio na magazeti nayajua. Mtu mkubwa akianza kuonyeshwa picha za utoto wake, mizinga ikapigwa na watu wakaja na maua, huyo hayupo. Nilizima jiko. Nikasema, masikini, amekufa siku ileile ya chai yake.

Bado nilikuwa na shaka kidogo, maana kuna mahali nilimwona kama anapunga mkono. Nikasema hiyo itakuwa ya zamani. Ndipo nikaenda dirishani kuangalia kwa jirani.

Jirani alikuwa anatoa viti nje.

Kwetu, penye msiba, kitu cha kwanza ni kutoa viti nje. Sebule inakuwa tupu, inatandikwa mikeka, wanawake wanakaa chini, wanaume wanakaa uani kwenye turubai. Na turubai lilikuwepo! Jeupe, limesimamishwa katikati ya majani. Mfiwa mwenyewe, na uzee ule, anavuta viti peke yake, hakuna hata mtu mmoja wa kumpokea. Sikujiuliza tena lolote.

Makande yalikuwa yameiva, niliyapika kwa ajili ya jioni. Nikajifunga khanga kiunoni, nyingine mabegani, nikachukua mfuko wa unga na sukari, sufuria nikaitia kichwani, nikavuka majani. Chai ilikuwa alasiri, ndiyo. Lakini msiba hausubiri saa ya mwaliko.

Nilipofika kwenye turubai niliweka sufuria chini nikaachia kilio. Sikulia kwa kuigiza, mimi nikilia nalia. Jirani alishtuka, akaangusha kiti. Nikamshika mikono, nikamnyang'anya na kiti kingine, kwa sababu mfiwa hafanyi kazi, nikamketisha kwenye ngazi ya mlango. Mimi nikakaa chini miguuni pake. "Pole," nikamwambia. "Pole sana, dada yangu. Pole kwa mzee wako."

Alinitazama. Akatazama sufuria, akatazama unga. Akasema maneno mengi, nami nikaitikia yote kwa kichwa. Nikamwonyesha upande wa nyumba yetu, nikachora televisheni hewani kwa vidole, nikajipangusa macho. Naye macho yake yakaanza kujaa. Akainama akaweka paji la uso wake kwenye bega langu, akalia kwelikweli, mpaka khanga ikalowa.

Nikasema kumbe alimpenda hivi.

Tulikaa vile muda mrefu. Baadaye niliingia jikoni kumtafutia maji ya kunywa, na mezani nikakuta keki kubwa ina sura ya yule bibi wa kifalme, kofia na kila kitu, imechorwa kwa sukari. Nilisimama na glasi mkononi nikaitazama. Watamkata uso? Wamle marehemu? Nikajiambia kila watu na matanga yao, nikaifunika kwa kitambaa ili isinitazame.

Saa ya chai ikafika. Vikombe vimepangwa kwenye kitambaa cheupe, na mtu haji. Gari likipita barabarani jirani ananyanyua shingo, gari linapita. Nikashangaa sana. Msiba mkubwa namna hii, wa kifalme, na waombolezaji ni mimi?

Gari lililosimama lilikuwa la mwanawe. Mwanamume mrefu, kipara, funguo mkononi. Aliona viti vitupu. Aliona mama yake kwenye ngazi, macho mekundu, na miguuni pake mwanamke Mwafrika amekaa chini amejifunika khanga, kando yake sufuria. Alisimama kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akaanza kusema, haraka, kwa sauti ya chini. Sikuelewa neno lakini nilielewa mkono: alikuwa anaonyesha viti, kimoja kimoja. Mama yake akawa mdogo. Ile sauti ya kusikilizwa haikutoka.

Hapo ndipo basi la kambi liliposimama, na mjukuu wangu akaniona kutoka barabarani. Akaja akikimbia. Nikamwambia hapo hapo amwambie huyu mwana wa jirani asimseme mama yake siku ya msiba, aibu.

"Msiba wa nani, Bibi?"

"Wa bibi wa kifalme. Si amekufa?"

Mtoto alinitazama, akatazama keki, maana jirani alikuwa ameshaileta nje, akatazama vibendera kwenye vikombe. Na kwa mara ya kwanza mwaka ule alinijibu kwa Kiswahili, Kiswahili kibovu, lakini Kiswahili.

"Bibi, hakufa. Ni bethdei yake."

Nikamwambia picha za utoto je? Maua je? Mizinga je? Akasema ndivyo wanavyofanya. Nikamuuliza, hao waliobeba maua ni wajukuu zake? Akasema hapana, watu tu, hawajui hata majina yao. Wanakwenda kumwambia hongera kwa kuishi. Hongera kwa kuishi! Mimi hata siku niliyozaliwa siijui, mama alisema ilikuwa mwaka wa nzige. Nilikuwa nimelia machozi yangu yote kwa mtu aliyekuwa anakata keki.

Yule mwana akamuuliza mtoto bibi yako amekuja kufanya nini. Mtoto akanigeukia kuuliza amjibu nini, na nikaona anataka nimpe uongo mzuri, kunistahi. Nikamwambia, "Mwambie ukweli. Nilidhani amefiwa, nikaja kukaa naye."

Alitafsiri, taratibu, neno kwa neno, amesimama wima kama yuko kanisani. Sijawahi kujivunia mtu kama vile.

Jirani alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Halafu cheko likakatika, akamgeukia mwanawe akasema neno refu, na mtoto akaninong'oneza kila alipopumua. Alisema marafiki zake wote walikuwa wamepiga simu asubuhi: mmoja nyonga inamuuma, mmoja haendeshi tena gari, na kwa wa tatu aliyepiga ni binti wa huyo rafiki, kusema mama yake alikufa tangu majira ya baridi. Ndiyo maana alilia. Kisha akasema: "Baba yako alipokufa nililetewa kadi na maua, na saa mbili usiku nilikuwa peke yangu. Huyu kaja na chakula kichwani kwa kifo ambacho hata hakikutokea."

Mwana alikaa kwenye kimoja cha vile viti. Mimi nilidhani amekasirika. Kumbe sura yake ndivyo ilivyokuwa akiogopa. Aliongea akitazama viatu vyake, na mtoto akanigeuzia. "Anasema, sawa, amekuja leo. Lakini mama akianguka tena, nani atajua?"

Swali lile sikuliona gumu hata kidogo.

"Mwambie mapazia," nikasema. "Kila asubuhi nikiamka natazama mapazia yake. Yakiwa wazi nachemsha uji. Yakiwa hayajafunguliwa nasimama pale mpaka yafunguliwe. Siku yakikawia naenda kugonga."

Jirani aliposikia alishika mdomo. Hakuwa anajua. Mimi nami sikujua kama ni jambo la kumwambia mtu. Kwetu kila nyumba inatazama moshi wa jikoni kwa mwenzake, hakuna anayelitangaza.

"Ukigonga asipofungua?" mwana akauliza.

Nikamwambia basi nitapiga kelele mpaka mtaa wote utoke. Mtoto alipotafsiri hilo, mwana alicheka kidogo, na mama yake pia. Akala makande. Nilimpakulia sahani ya kwanza kwa adabu, ya pili alijipakulia. Keki niliila mimi, upande wa kofia, nikimwomba radhi yule bibi moyoni.

Kabla ya kuondoka mwana alikunja turubai, akarudisha viti vyote ndani, akaja akasimama mbele yangu. Akatoa ufunguo kwenye zile funguo zake akauweka kwenye kiganja changu, akafunga vidole vyangu juu yake. Alimwambia mtoto kwamba suala la nyumba ya wazee watalizungumza mwakani, labda. Sikujua niitikie vipi. Je, nimeajiriwa? Nimefanywa ndugu? Nimekabidhiwa mama wa mtu? Nikasema ahsante, mwanangu, uende salama.

Binti yangu aliporudi na kusikia alikaa chini na koti lake la kazi.

"Mama. Umechukua ufunguo wa nyumba ya Mzungu? Kikipotea kijiko kimoja?"

"Nimepewa."

"Kwa kazi gani?"

Nikamwambia ya kutazama dirisha. Akasema hakuna kazi kama hiyo Marekani, huko kazini kwao wazee wanafungwa kengele mkononi. Tulibishana mpaka uji wa mtoto ukaungua, na mwisho hakuna aliyeshinda, maana hata mimi nilikuwa sijui nimekubali nini.

Jumamosi niliamka kabla ya wote, nikavuta kiti dirishani. Jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la jirani. Mapazia yamefungwa. Nikangoja. Siku nyingine zote nilikuwa natazama hivihivi, bila presha, sasa moyo unanipiga kama mwizi. Nikavaa ndala. Nikaushika ufunguo. Nilikuwa nimefika nusu ya majani, umande umenilowesha miguu, wakati pazia la kushoto lilipovutwa, likakwama katikati, na ndani nikasikia jirani anagombana nalo.

Nikarudi kuchemsha uji.