Koti la Pamba la Mjukuu wa Fundi

Zamani fundi alingoja mtoto azaliwe ndipo ampime nguo. Siku hizi nguo zinatoka dukani zimeshakunjwa kabla mtoto mwenyewe hajalia.

Fundi cherehani huyu, mjane, alizichukia hizo siku hizi, ila mjukuu alimtaka kwa udi na uvumba. Mwanawe wa kiume na mke wake walihangaika miaka, hadi hospitali ikarutubisha yai nje ya tumbo, kiinitete kikagandishwa, kikakaa miaka mitatu kwenye baridi kali ndipo kikapandikizwa.

"Miaka mitatu kwenye barafu," alimwambia jirani yake, muuza vifungo. "Baridi hiyo itamtoka lini mwilini?"

"Mzee, huyo si samaki."

"Cheka tu. Si wako."

Akazaliwa binti, mzito kuliko wenzake wote wodini. Daktari akawaambia kwamba watoto wa viinitete vilivyogandishwa mara nyingi huzaliwa na uzito mkubwa, na huyu ni mzima kabisa. Fundi hakushawishika. Machoni pake mtoto alikuwa amevimba kwa baridi.

Akashona koti la flana, akalishindilia pamba kama godoro, na kofia yake, na soksi. Siku mkwewe alipomwachia mtoto ili yeye mwenyewe aende kliniki kuangaliwa presha, iliyomwandama tangu ujauzito, fundi alimvika mtoto vyote, akafunga dirisha. Jua la mchana lilikuwa likichoma bati. Mama aliporudi, mtoto alikuwa anachemka, amelegea, hata kulia hawezi.

Walimkimbiza hospitali, akapona. Jioni mwanawe alikuja dukani kwa fundi peke yake, hakukaa.

"Baba, daktari alisema mzima. Na mimi nikakwambia mzima. Ulitaka aseme nani?"

"Nilimwonea huruma, mwanangu. Katoka kwenye barafu."

"Katoka tumboni kwa mama yake, kama mimi."

Fundi akashika mkasi, akauweka chini.

"Mama yake hatamwacha tena kwako," mwanawe alisema. "Na mimi siwezi kumlazimisha."

Miezi michache baadaye walihama mji. Mara ya mwisho kuwaona, lori la mizigo lilikuwa limeshawashwa. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, amevaa kifulana chepesi, mikono wazi, anachezea ushanga.

"Shikamoo, baba," mkwewe alisema kwa adabu zote, bila kusogea.

"Marahaba, mwanangu."

Fundi alikuwa ameifunga mikono yake nyuma, asije akaonekana anaomba apewe mtoto.