Nilitengeneza rekoda ya Mama Rispa, nikakuta imekuwa ikirekodi kiti

Wakuu, habari zenu.

Mnisamehe kwanza kwa makosa ya kuandika. Niliishia darasa la nane, na mwandiko wangu hata mimi hunisumbua kuusoma. Hii niliiandika kwenye daftari kwa siku tatu, ndipo nikaihamisha kwa simu kwa kidole kimoja. Mkikuta neno limekaa vibaya, lisomeni vile lilitaka kuwa.

Hapa mimi huwa msomaji tu. Huu ndio uzi wangu wa kwanza. Niliyoyaona ndiyo nitakayoyasema, na pale ambapo sielewi nitasema sielewi.

Mimi ni msichana wa Kaloleni. Natengeneza redio, TV na vitu kama hivyo nyumbani kwa shangazi yangu. Meza yangu iko chini ya dirisha na wateja hunipitishia vitu dirishani.

Napenda iwe hivyo. Mimi ni mtu wa haya. Mtu akisimama mbele yangu sana, nasahau hata bisibisi nimeiweka wapi.

Jumamosi moja akaja Mama Rispa. Anaishi Makongeni, kwenye zile nyumba za reli, na tunasali kanisa moja. Mume wake, Baba Rispa, alikuwa mwalimu wetu wa kwaya. Alifariki mwaka jana, akazikwa kwao Bungoma.

Alikuwa ameifunga rekoda mgongoni kwa leso, vile mtu hubeba mtoto.

"Fundi ako wapi?"

"Ni mimi, Mama."

"Wewe? Si shangazi yako?"

"Shangazi anauza mboga."

Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Yule fundi wa kule tao, mjini, alisema ataweka hard disk mpya, hii ya zamani atupe. Nikamwambia nirudishie mashine yangu. Mwanangu, sauti ya Baba Rispa iko hapo ndani. Simu yake iliibwa siku za matanga. Picha ninazo, lakini picha haisemi. Na nimeanza kumsahau sauti. Juzi nilijaribu kukumbuka vile alikuwa ananiita, ikanijia sauti ya ndugu yake."

Nikamwambia nitaitoa. Sikupaswa kuahidi kabla ya kufungua chombo, lakini niliahidi.

Kwa wasiojua, hii ni rekoda ya kuunganisha na TV, yenye hard disk ndani ya kuhifadhi video. Baba Rispa hakujua kuandika noti za muziki. Kwa hivyo aliweka kamera ndogo ya zamani juu ya kabati, ikitazama kiti chake, na rekoda ndani ya kabati, havichomolewi kamwe. Kila Jumapili saa kumi waimbaji wachache walikuja sebuleni kwake kufundishwa sauti. Saa kumi ikifika, timer inaiwasha rekoda yenyewe, inarekodi saa moja. Halafu yeye anasikiliza wiki nzima ajue ni nani anapotea.

Jumapili baada ya ibada nikaifungua. Capacitor nne, vile vikopo vidogo vya kwenye power supply, zilikuwa zimevimba vichwa. Nikazitoa, nikaweka nyingine. Nikachomeka kwenye stima.

Taa ikawaka. Saa ya mbele ikaanza kumeta sifuri, sifuri, sifuri.

Hapo nikafanya kosa langu.

Nina mazoea ya kutorudisha chombo kwa mwenyewe kabla ya kukirekebishia saa. Hata redio. Mteja akifika nyumbani akaona saa iko sawa, anajua umeishughulikia. Basi nikatazama simu, ilikuwa saa kumi kasoro dakika tatu, nikaiweka pamoja na tarehe. Nikaridhika kabisa.

Sikufikiria kwamba mashine ikishajua saa, inakumbuka pia kazi yake.

Nikafungua orodha ya rekodi kwenye TV. Kila rekodi ina kapicha kake kadogo. Ya kwanza ilikuwa Baba Rispa ameketi, mkono juu, mdomo wazi.

Ya pili ilikuwa imejaa watu wamesimama. Wale walikuwa watu wa matanga.

Ya tatu, kiti.

Ya nne, kiti. Ya tano, kiti. Nikashuka hadi mwisho. Kiti na pazia limefungwa, kiti na pazia liko wazi, kiti na jua limefika miguuni pake. Rekodi thelathini na kitu, na Baba Rispa yuko kwa moja tu.

Nilichukua muda kuelewa. Hakuna aliyekumbuka kuzima timer. Tangu afariki, kila Jumapili saa kumi, mashine ilikuwa inaamka ndani ya kabati, inarekodi kiti chake kitupu, inalala.

Nikaingia kwenye settings. Kulikuwa na sehemu inayosema disk ikijaa, rekodi ya zamani kabisa ifutwe ili mpya ipate nafasi. Ilikuwa imewashwa.

Wakuu, mnaona? Kila kiti kilikuwa kimemla Baba Rispa mmoja. Katika miaka yote aliyofundisha, alikuwa amebaki mara moja tu.

Na hapo nikasikia ndani ya mashine, tik.

Taa nyekundu. Saa kumi kamili. Disk ikaanza kuzunguka. Hakukuwa na kamera yoyote imeunganishwa pale kwangu, lakini ilikuwa inarekodi. Nikarudi kwenye orodha. Kapicha ka kwanza hakakuwepo. Sasa orodha ilianza na watu wa matanga.

Nikabonyeza stop. Ikakataa, ikaandika kwamba timer inafanya kazi. Nikabonyeza tena na tena. Mwishowe nikavuta waya ukutani.

Nilikaa sakafuni. Mchana ulikuwa mweupe, watoto wanacheza mpira nje, na mimi nilikuwa nasikia baridi.

Kitu kimoja nilikijua. Mashine hizi zikifuta, kwanza zinaondoa jina tu kwenye orodha. Video yenyewe hubaki mpaka iandikwe nyingine juu yake. Yangu ilikuwa imeandika dakika chache tu. Kwa hivyo sikuiwasha tena. Nikatoa hard disk, nikaifunga kwa kitambaa, nikalala nayo kando ya kichwa.

Jumatatu asubuhi nikaipeleka kwa Brayo, kijana mwenye cyber, duka la kompyuta na intaneti, kule Mbotela.

"Niaje fundi! Leo umetoka dirishani?"

Nikafungua kitambaa, nikampa disk. Akaiunganisha na kompyuta, na papo hapo kompyuta ikauliza kama i-format hiyo disk, yaani ifute kila kitu ianze upya. Rekoda huandika kwa njia yake, kompyuta haiijui, inadhani disk ni mbovu.

"Inataka format," Brayo akasema. "Niweke yes twende mbele?"

"Toa mkono."

"Aki wewe, hiyo ni kitu ndogo..."

"Brayo, toa mkono!"

Sijawahi kumpazia mtu sauti. Cyber nzima iligeuka. Brayo aliinua mikono yote miwili kama mtu ameshikwa na polisi.

Tulichofanya ni kunakili disk nzima vile ilivyo, hata zile sehemu zinazoonekana tupu, kwenye disk nyingine. Kisha tukatafuta vipande vya video ndani ya nakala. Ile ya kwanza hatukuigusa tena. Ilichukua hadi alasiri.

Tukampata. Dakika chache za mwanzo zilikuwa zimeenda. Zilizobaki zilikuwa nzima.

Brayo akataka kuhakikisha na zile nyingine zinacheza, akafungua ya mwisho kabisa. Sijui kama tulipaswa kuangalia.

Mama Rispa ameketi kwenye stuli karibu na kiti. Vikombe viwili vya chai. Anakiongelesha kiti. Nikapunguza sauti, hayo hayakuwa yetu.

Nyuma ya kiti kuna kalenda ukutani, tarehe zinasomeka vizuri. Halafu zikaanza kufifia. Ukuta wote ukawa kama umepuliziwa mvuke. Hata kitambaa cha kufuma kilichotandikwa mgongoni mwa kiti kikapoteza nyuzi zake.

"Hiyo ni autofocus," Brayo akasema. "Mtu akikaa hapo, kamera inaachana na ukuta, inamshika yeye."

Kisha akasema, "Lakini hakuna mtu."

Hakunitania tena siku hiyo.

Mama Rispa alikuwa amenyamaza, kichwa ameinamisha upande mmoja. Akaitikia kwa kichwa mara mbili. Akainuka, akaja upande wa kabati, mkono wake ukawa mkubwa kwenye picha, na rekodi ikaishia hapo.

Jumatano akaja kwangu. Nilimfungulia mlango, sikumwacha dirishani. Nikamwekea ile video.

"Sauti ya pili mnaburuta," Baba Rispa akasema kwenye TV. "Hebu tena. Na wewe Mama Rispa, wape hawa chai kabla hawajanilalia hapa."

Mama Rispa akaweka leso mdomoni.

"Kumbe sauti yake ni nyembamba," akasema. "Mimi kichwani nilikuwa nimeshaifanya nzito."

Tulirudia mara tatu.

Kisha nikamwambia yote: timer, saa niliyoiweka, dakika zilizopotea kwa mkono wangu, na kwamba tulimwona na vikombe. Nikamwonyesha. Hakuona aibu. Alitazama kama mtu anayetazama harusi yake.

"Hapo uliinuka kufanya nini, Mama?"

"Kuchomoa hiyo mashine."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu kinachojulikana.

"Si aliniambia. Alisema, chomoa, inanimaliza."

Wakuu, capacitor zilizochoka huendelea kufanya kazi mradi stima isikatwe. Ukichomoa tu, haziamki tena. Ndiyo maana mashine ilikufa siku hiyo. Na Jumapili iliyofuata ingekuwa zamu ya ile rekodi moja iliyobaki. Wakati huo hakuna aliyejua inafuta. Hata mimi nilikuja kugundua kwa settings.

Nilichojifunza ni kwamba usiweke saa kabla ya kuangalia timer. Kompyuta ikiuliza format, sema hapana, unakili disk kwanza. Na kitu kikifutika, zima hapo hapo. Hayo nina uhakika nayo.

Lile lingine sina.

Mama Rispa sasa ana sauti kwenye flash disk mbili. Lakini mashine bado iko mezani kwangu, inameta sifuri, kwa sababu kabla ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Sasa si kuna nafasi, sauti yake ikiwa salama kwa flash? Niwekee tena ile saa kumi."

Anakuja Jumamosi. Sijui niiweke au nimwambie imeharibika. Mwenye kujua kamera anieleze kile kiti, na mwenye kufiwa aniambie yeye angetaka nini. Niandikieni hata mstari mmoja. Nasoma polepole, lakini nitasoma zote.